Kwa Mkalimani Mpya wa Askofu

Mwaitu,

Ungekuwa mbali ningeanza kwa kuuliza hali yako, lakini duka na jikoni vinagawana ukuta mmoja na nakusikia hapo ukicheka na mama yako mkipika chapati za safari, kwa hivyo najua u mzima. Mimi pia niko. Nimekaa juu ya gunia la ndengu, nimerudisha mlango nusu ili watu wadhani nimeenda kunywa chai. Mambo ya blanketi, dawa ya malaria na kupiga simu ukifika, mama yako ameyamaliza tangu Jumapili, na mimi sitayarudia. Nina neno moja tu la kukwambia, na unavyonijua, hilo neno moja litakuwa refu.

Umetuambia unaenda Emali kufanya kazi ya ofisi. Kupokea wageni, kuandika barua, kupanga mafaili. Mama yako ameamini. Mimi pia niliamini mpaka siku ya soko, lile gari la matangazo lilipopita hapa Migwani na spika zake juu. Nilikuwa napimia mama mmoja mbaazi. Nikasikia sauti ya Askofu, ile ile, haijazeeka hata kidogo, ikisema kwa Kiswahili: "Watu wa Tseikuru, Bwana anawajia tena!" Kisha ikafuata sauti ya msichana kwa Kikamba, safi, imepanda na kushuka pale pale yeye alipopanda na kushuka. Nilimwaga mbaazi za watu chini. Baba hawezi kukosa kuijua sauti ya mtoto wake, hata ikitoka kwa spika mbovu. Yule mama aliniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu, nikamwambia ndiyo.

Tangu siku hiyo nimekungoja. Nimekula na wewe, nimekuamkia, nimekutuma maji ya kunawa, nikisema moyoni, leo ataniambia. Kesho unaondoka na bado ni ofisi. Wacha niseme wazi: imeniuma. Kwamba unaenda kwa mtu yule, hilo ni moja, na ninalo la kusema juu yake. Lakini kwamba uliniacha nilisikie kutoka kwa gari, barabarani, mbele ya wateja wangu, hilo bado sijui nitaliweka wapi. Halafu nakaa, nafikiri, naona kwamba katika nyumba hii hatujawahi kulitaja jina la huyo mtu tangu ulipokuwa mdogo. Ungeanzia wapi kuniambia? Basi wacha nianze mimi.

Mwezi uliopita ulikuwa unaangalia video kwa simu. Mheshimiwa mmoja anashuka kwa gari, kijana anamshikia mwavuli na hakuna mvua wala jua, mwingine ameinama anampangusa kiatu. Ukacheka ukaniita: "Baba, kuja uone chawa." Nikakuuliza chawa gani, ukanieleza kwamba siku hizi ndivyo wanavyoitwa, neno limetoka Tanzania, eti ni mtu anayeishi kwa nywele za mkubwa. Nilicheka na wewe. Kisha nikatoka nje nikajifanya naangalia mbuzi, kwa sababu lile neno lilikuwa limenikaa vibaya.

Enzi zetu tulikuwa na maneno yetu. Kibaraka lilikuwa la siasa, ukiambiwa hilo mnapigana. Mpambe lilikuwa la watu waliosoma. Mtu wa mkono, hilo ndilo la hapa kwetu sokoni, na halikuwa hata tusi, lilisemwa kwa wivu kidogo. Mdoezi ni yule anayekumbuka kukusalimia chakula kikiiva. Kupe nitamfikia baadaye. Nilichojifunza ni kwamba katika hayo yote hakuna mtu anayejiita kwa mojawapo. Uliza chawa yeyote, atakwambia yeye ni msaidizi, na ukimwambia yeye ni chawa atakuonyesha chawa mwingine kule.

Kanisani kwa Askofu majina yalikuwa matamu zaidi. Aliyembebea Biblia, chupa ya maji na kitambaa cha jasho aliitwa mchukua silaha, kama yule wa Yonathani. Sisi wote tuliomfuata na pikap kutoka Kitui mpaka Makueni tuliitwa wana wa kiroho. Na yeye mwenyewe, mtu ambaye sikuwahi kumwona akijifungulia mlango wa gari, ndiye aliyeitwa mtumishi. Hebu soma hiyo tena. Anayetumikiwa ndiye mtumishi. Na mimi, mtu wa maneno, ninayejisifu kwamba sipitwi na neno, nililisema hilo jina miaka mingi na sikusikia chochote.

Nilivyoingia huko ni hivi. Ulikuwa hujaanza shule. Askofu alikuja Migwani kwa mkutano wa injili uwanjani. Hakuwa mtu wa kwetu; wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi wakafungua biashara ya mbao Emali, na Kikamba chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei. Mkalimani aliyekuja naye akashikwa na kikohozi katikati ya mahubiri, kikohozi cha vumbi, hata kusema amina hawezi. Watu wakaanza kuangaliana. Hapo Kimanzi akanisukuma mgongoni, akasema, "Enda wewe, si unajua kuongea?" Kimanzi unamjua, ndiye huyo anayekuletea soda kila akipita hapa na kukuita binti yangu. Tulichunga mbuzi pamoja. Shuleni tulikaa dawati moja, na nguo moja ya kwenda nayo kwa wasichana tulivaa kwa zamu. Nikapanda jukwaani.

Sasa wewe umekwisha kujaribu kwa lile tangazo, unajua kwamba kazi ile haitaki lugha mbili peke yake. Unasimama nyuma yake kidogo, upande wa kushoto. Akiruka unaruka. Akinong'ona unanong'ona. Akilia, tafuta machozi popote. Sentensi yake ikikatika yako iwe imeshaanza, kwa sababu ukichelewa moto unapoa na yeye atakugeukia na jicho fulani. Nilijua kuifanya siku hiyo hiyo, bila kufundishwa. Na niliipenda, mwaitu, wacha nisijifanye. Mtu wa kupima ndengu na kubishana juu ya uzito wa gunia, halafu unafungua mdomo na akina mama mia wanalia. Ukirudi nyumbani hata mkeo anakuita kwa sauti nyingine. Askofu aliniambia nina upako wa ulimi. Tangu siku hiyo nikawa wake, na Kimanzi akanifuata huko.

Tatizo ni kwamba Askofu akichoka ulimi wake ulikuwa mbaya. Siku moja tulikuwa Nunguni, kule juu kwenye ukungu na baridi. Mkutano ulikuwa na pilau baada ya ibada, na akina mama walijaa kutoka vilima vyote, wengi Kiswahili kinawapita, masweta yameloa, wengine na watoto mgongoni. Askofu aliangalia ule umati akakasirika, akasema kwa Kiswahili: "Wengine wenu hapa ni kupe. Hamkuja kwa Mungu, mmekuja kunyonya." Ikafika zamu yangu. Niliwaangalia wale akina mama wakiningoja na nyuso zao, na kusema kupe nikashindwa. Mdomo wangu ulijifungua wenyewe, nikasema kwa Kikamba: "Wengine wenu mmenishika na hamniachilii, hata mvua haikuweza kuwabandua." Vigelegele vikapigwa mpaka mitambo ikalia. Askofu akadhani wametubu. Wao wakadhani wamesifiwa. Mpaka leo kuna kikundi cha akina mama huko Nunguni ambacho jina lake kwa Kikamba ni Wasioachilia, na wamechapisha hata fulana. Ni mimi niliyewabatiza, na walichokuwa wameitwa ni kupe.

Tukirudi na pikap usiku ule nilimsimulia Kimanzi, ambaye wakati wa mahubiri alikuwa kwenye sufuria za pilau. Tulicheka mpaka dereva akasimamisha gari atuulize kuna nini. Na kwa sababu alicheka vizuri, nikamsimulia na mengine. Kwamba mahali fulani Askofu alisema Wakamba ni watu wa uchawi na mimi nikatafsiri kwamba ni watu wenye siri nzito za wazee. Kwamba alipowaita watu wa kijiji kimoja wavivu, mimi nilisema wamechoka na Bwana atawapumzisha. Nilimwambia Kimanzi kila kitu. Mtu umwambie nani kama si yule mliyevaa naye nguo moja?

Nikazoea. Akitukana, nasifu. Akitisha, nabembeleza. Nikadhani nawasaidia watu wangu wasiumie, na usiku nililala usingizi wa mtu mwema. Sasa ndiyo naona kwamba niliyekuwa namsaidia ni yeye. Watu wa huku hawakuwahi kumsikia Askofu hata siku moja. Walimpenda mtu ambaye hayuko, mtu niliyemtunga mimi kwa mdomo wangu, mpole, mwenye maneno ya baba. Na huyo ndiye waliyemwamini tulipofika Tseikuru.

Huko mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu. Vijana wanaojua Kiswahili walikuwa wameenda mbali na ng'ombe kutafuta majani. Waliokuja mkutanoni ni wazee na akina susu, nyanya zetu wale. Simu zao zilikuwa zile za mulika mwizi, hakuna wa kurekodi. Askofu akasimama akasema: "Kila nyumba ilete mbuzi mmoja madhabahuni, na mimi nitawachimbia kisima hapa hapa. Injinia wangu amekwisha kuona mahali." Hayo alisema. Nitayarudia mbele ya Mungu na mbele ya chifu yeyote. Na hayo, mwaitu, sikuyaongeza chumvi hata chembe, kwa sababu kwa mara ya kwanza maneno yake yalikuwa matamu yenyewe. Niliyatafsiri neno kwa neno na nilifurahi sana. Nilijiambia, ona, leo amefanana na yule ninayemtafsiri.

Mbuzi wakaletwa. Wewe umelelewa dukani, huenda hujui mbuzi ni nini kwa mtu wa Tseikuru wakati wa ukame. Ni karo, ni hospitali, ni mahari ya kijana, ni kila kitu kilichobaki kusimama kwa miguu yake. Walikuja nao wakiwavuta kwa kamba, wengine mbuzi wenyewe wamebaki ngozi. Susu mmoja alikuja na mbuzi wake akiwa amembeba mabegani kwa sababu alikuwa hawezi kutembea tena, na mimi nilimsaidia kumshusha. Lori likajaa, likaondoka na kuimbiwa.

Kisima hakikuja. Injinia hakuonekana. Watu walingoja, wakatuma ujumbe, wakangoja tena, mwishowe wakamwendea chifu, na chifu akaita baraza, Askofu aje ajibu. Alikuja na gari safi, akawekewa kiti karibu na chifu. Sisi wana wa kiroho tulikaa benchi moja nyuma yake. Chifu akamwuliza kisima kiko wapi. Askofu hakutoa jasho. Akasema: "Ndugu chifu, mimi nilisema nitawaombea maji. Mhubiri huomba, hachimbi. Hilo la kisima ni la mkalimani wangu. Ana tabia ya kuongeza. Waulize hawa anaotembea nao."

Nilicheka kidogo, nikidhani ni mzaha. Kisha Kimanzi akasimama. Alikuwa amevaa koti langu, nilimwazima asubuhi kwa sababu alisema hana la kuvaa mbele ya chifu. Akasema, "Huyu ni rafiki yangu tangu utoto, lakini ukweli usemwe. Huyu huongeza." Akasimulia Nunguni. Akasimulia kupe. Akasimulia uchawi, na uvivu, na mengine ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Wazee waliniangalia, na kila alipomaliza moja chifu aliniuliza, "Ni kweli?" nami nikasema ni kweli. Kwa sababu yalikuwa kweli. Kimanzi hakusema uongo hata mmoja siku ile. Mtu akikusaliti kwa uongo una pa kushika, mnaburuzana. Huyu alichukua yale niliyompa tukicheka kwenye pikap, akayapanga mezani moja moja. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi ile nguo ilikuwa hata yangu.

Mwishoni chifu akaniuliza lile lenyewe. "Kisima, alisema ama hakusema?"

Nilimwangalia Askofu. Akanipa lile jicho la jukwaani, la kuniambia sasa ruka. Na mimi nikaruka. Nikasema, "Nilisikia vibaya. Alisema kuomba, mimi nikasikia kuchimba."

Umewahi kuniuliza, ukiwa na hasira siku ile ulipomaliza kidato cha nne, kwa nini sikujitetea. Nilikwambia unyamaze. Sasa nakujibu. Sikuogopa, ningeogopa ningekaa nyumbani nisiende baraza. Nilidhani ile ni kazi yangu. Nilidhani namtafsiri kwa mara nyingine tu, kwamba amesema jambo baya na mimi nalifunika. Na nilidhani jioni atanipigia simu aniambie, mwanangu, leo umeniokoa, hili sitalisahau. Nilishika simu mkononi njia yote ya kurudi, mpaka Mwingi, mpaka hapa Migwani, na mama yako akaniuliza mbona siiweki chini. Mwaka huo wote iliposikika usiku niliruka kitandani. Hakupiga. Mwaitu, mpaka leo mtu huyo hajanipigia.

Wanasema kupe humwacha ng'ombe akikauka. Basi mimi nilikuwa kupe wa ajabu, ng'ombe ndiye aliyeninyonya.

Habari zilifika Migwani kabla yangu. Wakanipa jina, Mwongeli. Kwetu ni jina la mwanamke, mtoto aliyeongezwa juu ya wengine, na wao walimaanisha anayeongeza. Mzee na ndevu zake anaitwa Mwongeli sokoni. Wateja wakawa wanarudia kupima magunia yao nyumbani, wakisema kwa maneno anaongeza, kwa mizani labda anapunguza. Na wewe ulitoka shule siku moja na sketi imechanika, umepigana, kwa sababu walikuita mtoto wa Mwongeli. Nilikwambia wapuuze, ule chakula. Mchuma janga hula na wa kwao, na wewe ulikula sahani kubwa bila kuambiwa nani alipika. Kwa hilo nina hasira mpaka sasa ninapoandika, hasira na yeye, na Kimanzi, na mimi mwenyewe nikiwa wa tatu.

Sasa njoo karibu, kwa maana hapa ndipo penyewe. Kwa nini wewe? Emali imejaa wasichana wanaojua Kikamba na Kiswahili, waliozaliwa kanisani humo humo. Nimejiuliza tangu siku ya lile gari. Kimanzi ndiye aliyekutafutia hiyo kazi, hilo huna haja ya kuniambia, soda zake zote zilikuwa zinaenda mahali. Na matangazo yanasema wanarudi Tseikuru. Watu wa huko hawajasahau mbuzi wao, hawawezi kumpokea Askofu hivi hivi. Lakini binti ya yule mkalimani aliyeongeza akisimama kando ya Askofu, na maiki mkononi, na jina lake likitajwa, watu watasema nini? Watasema, hata mtoto wake amekubali kwamba baba ndiye aliyekosa. Hapo Askofu ameoshwa. Hutahitaji kusema neno lolote juu yangu. Ukisimama tu, umesema.

Huenda hukujua. Nataka kuamini hukujua. Huenda walikwambia umerithi upako wa ulimi, na ulimi unao kweli, nimeusikia. Na nimesikia kitu kingine, ambacho labda wengine wote sokoni hawakukisikia. Kwenye lile gari Askofu alisema, "Msije mikono mitupu." Na wewe kwa Kikamba ukasema, "Njooni, hata kama mikono ni mitupu."

Nisikufiche, nilijivuna. Pale pale na mbaazi chini nilisema moyoni, huyu ni wangu, amewaonea watu huruma. Kisha nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoanza mimi, kwa huruma, na hivyo ndivyo watakavyokuja kukukamata siku wakitaka mtu wa kubeba lawama. Kimanzi amekwisha kusikia ulichofanya. Amekiweka.

Kwa hivyo sikukatazi kwenda. Wewe ni mtu mzima, kazi zenyewe huku hazipo, na mtu akikatazwa huenda tu na kinyongo juu. Ila akisema kupe, sema kupe. Yatakuwa machungu mdomoni, na akina mama watakuangalia kana kwamba ni wewe uliyewatukana. Sema hivyo hivyo. Wacha wamsikie, wamjue, wachague wenyewe kama watabaki ama watachukua watoto wao waende. Mimi niliwanyima hiyo nafasi na nikajiita mwema. Na siku akikugeukia na lile jicho, kumbuka kwamba jicho lile halijui jina lako. Lilinitazama mimi miaka yote hiyo na halikunijua.

Kuna ujumbe wako pia, umekaa kwangu muda mrefu. Siku ya baraza, watu wakitawanyika, yule susu wa mbuzi aliyebebwa alinishika mkono wa shati. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia mimi ni wa Mwikali. Akasema, "Basi mwambie Mwikali kwamba mimi nilikuamini wewe. Yule mwingine sikuelewa hata neno lake moja." Mama yangu alikuwa amezikwa zamani, sikuwa na wa kumwambia. Wewe uliyepewa jina lake ndiye Mwikali aliyebaki, ndiyo sababu nakuita mwaitu, mama yetu, tangu ulipokuwa wa kubebwa. Ujumbe umefika.

Gari lilisema mkutano ni mwisho wa mwezi huu. Sijakanyaga Tseikuru tangu baraza lile, lakini nitakuja. Mama yako nitamwambia naenda kutafuta mbuzi wa kununua. Sitapiga kelele wala sitakuaibisha. Nitakaa mbele na akina susu, na Askofu akishapanda na wewe ukiwa upande wake wa kushoto, nitainua mkono. Atanijua. Nitamwuliza mbele ya wote: "Siku ile ulisema utawaombea, ama ulisema utawachimbia?"

Ningeweza kuliuliza kwa Kikamba, wakasikia wote mara moja, nikamaliza nikaenda zangu. Lakini nitaliuliza kwa Kiswahili, wale wazee wasilielewe mpaka wewe uwaambie. Nataka lipite kwa mdomo wako. Nitauliza polepole, usipate taabu.

Ni mimi,
Baba yako